Ramli ya asilimia kumi na moja

Zamani kidogo, kijana aliyetaka kujua kama Harvard au INSEAD ya Ufaransa wangemchukua kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara, alimtafuta mtu aliyewahi kupita huko, akamnunulia kahawa, akamsikiliza. Siku hizi anafungua programu ya akili mnemba kwenye simu, anaandika umri wake, GPA (wastani wa alama zake za chuo), alama ya GMAT (mtihani wa kuombea shule za biashara), miaka aliyofanya kazi na jina la mwajiri, kisha anauliza: nina nafasi kiasi gani? Haijapita nusu dakika, jedwali limeshashuka: Harvard asilimia 11, Stanford 6, London Business School 28, kila namba na maelezo yake pembeni. Na kwa kuwa limetoka kwenye mashine, linapokelewa kama majibu ya maabara. Nimeona watu wakifuta shule kwenye orodha zao kwa sababu ya jedwali hilo. Wengine wameacha kabisa kuomba, na hao ndio walionifanya niandike.

Msimamo wangu ni kwamba namba hizo hazimhusu mwombaji. Ni takwimu za shule zilizobandikwa jina lake, na hapo mashine haina tofauti kubwa na mpiga ramli anayekwambia safari yako ina kheri na ina vikwazo. Sisemi kwamba nafasi ya mtu haikadiriki. Inakadirika, na ni lazima ikadiriwe, maana maombi yanakula fedha na muda. Ila anayetaka makadirio ya kweli hutafuta mahali faili lake litakapokatikia, na kwa mwombaji wa Afrika Mashariki mahali hapo mara nyingi hapamo kwenye jedwali lolote.

Tuanze na asilimia yenyewe inavyopatikana. Darasa la Harvard lililoanza masomo mwaka 2024 liliombwa na watu karibu 9,900, na viti vilikuwa 930. Mwaka huohuo Stanford ilipokea maombi zaidi ya 7,200 kwa viti 424. Gawanya, ongeza kidogo kwa ajili ya waliokubaliwa wakaamua kwenda kwingine, unapata kama asilimia 11 kwa Harvard na chini ya saba kwa Stanford. Hesabu haina kosa. Lakini ndani ya hao 9,900 kuna aliyejaza fomu usiku wa siku ya mwisho, kuna aliyesahau kubadilisha jina la shule kwenye insha aliyoinakili, kuna ambaye alama zake ziko mbali na za yeyote darasani, na kuna ambaye angechukuliwa mwaka wowote na kamati yoyote. Ukiwachanganya wote hao na kugawa, unapata wastani usio wa mtu yeyote kati yao. Ni kama wastani wa mvua wa Tanzania. Upo, na umepimwa kwa uangalifu, lakini mkulima wa Dodoma akiutegemea kupanda migomba kama ya Bukoba atakuwa ameamini takwimu sahihi na kukosa ndizi.

Kuna jambo jingine ambalo asilimia inalificha, nalo linatokana na namna shule hizi zinavyofundisha. Harvard Business School, iliyoanzishwa mwaka 1908, hufundisha kwa mikasa ya kampuni halisi: wanafunzi kama 90 wanakaa kwenye ukumbi wa ngazi uliopinda nusu duara, wameshasoma mkasa usiku uliopita, na kazi ya mwalimu ni kuongoza mabishano. Kuchangia darasani kunaweza kubeba hadi nusu ya alama za somo. Shule ya namna hiyo haiwapangi waombaji kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kama Baraza la Mitihani linavyopanga matokeo ya kidato cha sita, kisha ikachukua 930 wa juu. Inakusanya watu ambao wakiketi pamoja watakuwa na la kubishania: mhandisi wa mgodi, mwanajeshi, daktari, mtu wa benki, mtu aliyerithi kiwanda cha familia kikiwa na madeni. Kwa hiyo mwombaji hashindani na wote 9,900 kwa uzito mmoja. Anashindana zaidi na wanaofanana naye. Mchambuzi wa benki ya uwekezaji kutoka Mumbai ana foleni ndefu ya wenzake. Ofisa wa chama cha ushirika cha kahawa kutoka Moshi ana foleni fupi, ingawa ufupi wa foleni haujawahi kumaanisha kwamba dirisha liko wazi. Hata ungejijua kwa kila kitu, hujui nani mwingine ameomba mwaka huu. Kamati yenyewe hailijui hilo mpaka mafaili yaingie.

Nitatoa mfano mmoja tu wa karibu. Kijana anayefanya kazi idara ya mikopo kwenye benki hapa Dar es Salaam alinionyesha jedwali lake, amenyong'onyea. Nikamwomba anionyeshe alichoiandikia mashine. Alikuwa ameandika GPA 3.04 na GMAT 645. Nikamuuliza, hiyo 3.04 imetoka wapi, maana najua chuo chake kinapima kwa tano. Akaeleza kwamba alimaliza na 3.8, na kwa kuwa Wamarekani wanapima kwa nne, alizidisha kwa nne akagawa kwa tano. Hesabu safi ya shule ya msingi, na ndipo alipojichinja mwenyewe. Kwa mfumo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daraja la pili la juu linaanzia 3.5 na kuishia 4.3; la kwanza linaanzia 4.4. Mwenye 3.8 yumo ndani ya daraja la pili la juu bila ubishi. Huko Marekani 3.04 husomeka kama ya mtu aliyejikokota. Shule nyingi zinaagiza wazi kwamba mwombaji aandike alama kama zilivyo kwenye transkripti na asizibadilishe, kwa sababu wanao watu wanaosoma transkripti za Mlimani, za Makerere na za Nairobi kila mwaka. Mkenya mwenye asilimia 68, ambaye kwao anatembea kifua mbele na daraja la pili la juu, akijitazama kwa macho ya Kimarekani atadhani amepata D.

Na ile 645? Mtihani wa GMAT ulibadilishwa Novemba 2023, na toleo la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Mpya unapima kutoka 205 hadi 805, na kila alama inaishia na tano, makusudi watu wasichanganye. Wanachanganya vilevile. 645 ya sasa iko pale ilipokuwa 700 ya zamani, na zaidi ya asilimia 85 ya watahiniwa wako chini yake. Kijana wangu alikuwa ameilinganisha na 740, alama maarufu ya Harvard ya kipimo cha zamani, akaona pengo la alama 95 na kukata tamaa. Pengo la kweli, kwa kipimo kimoja, ni kama 40. Bado ni pengo, sitaki kumdanganya mtu. Lakini hiyo 740 yenyewe ilikuwa alama ya katikati ya darasa: nusu ya waliokaa kwenye ule ukumbi walikuwa nayo au zaidi, nusu nyingine walikuwa nayo au pungufu, na bado walikaa. Watu wetu wanaisoma alama ya katikati kama alama ya kufaulia, labda kwa sababu tumekulia kwenye mitihani yenye mstari wa kufaulu na kufeli. Mashine basi ilijibu kwa uaminifu mkubwa swali kuhusu mtu ambaye hayupo.

Wanaotetea namba wana hoja, na baadhi ni nzito. Kufanya GMAT mara moja tu ni dola 275 au zaidi, yaani zaidi ya laki sita za Kitanzania. Ada ya maombi ya Harvard ni dola 250. Ongeza shule nne nyingine na mtihani wa Kiingereza kwa shule zinazoudai, na umeshamaliza mishahara kadhaa ya mhitimu wa kawaida. Mtu anayetumia fedha kiasi hicho bila kipimo chochote anacheza bahati nasibu. Zaidi ya hapo, namba ni kinga dhidi ya mawakala. Mji umejaa watu wanaouza uhakika wa kudahiliwa, na hakuna dawa ya uhakika wao kama kumwambia mteja kwamba Stanford inawakataa zaidi ya tisa katika kila kumi, wakiwemo wengi wenye sifa kamili. Na alama zina uzito wake. Mwenye 505 kwenye GMAT mpya anayepanga kuomba shule tatu za juu peke yake anahitaji rafiki wa kumwambia arudie mtihani kwanza, na kama rafiki huyo ni mashine, sawa. Haya yote nayakubali. Namba ya shule inafaa kumzuia mtu asijione amefika. Haifai kumpimia umbali alionao.

Hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kuliko zote, kwamba mashine imesoma maelfu ya wasifu, kwa hiyo inajua. Imesoma nini hasa? Shule hazichapishi mafaili ya waliokataliwa, wala ya waliokubaliwa. Kilichopo hadharani ni takwimu za jumla za darasa na simulizi za waombaji wenyewe, na tunajua nani husimulia. Aliyeshinda huandika kurasa tatu, aliyekataliwa hufunga kompyuta akaenda kulala. Kisha wasimuliaji hao wengi wao ni Wamarekani na Wahindi. Watanzania kwenye darasa la watu 930 huhesabika kwa vidole, na idadi ndogo kiasi hicho haitoi kanuni yoyote, hata angeihesabu mtakwimu bora duniani. Kinachofanyika ni kwamba desturi ya New York na Bengaluru inachukuliwa na kubandikwa kwa mtu wa Mbeya, halafu inapewa nukta ya desimali ili ionekane imepimwa.

Wapo pia wanaojifariji kwa upande wa pili. Wanasema: kama nina asilimia 10 kwa kila shule, nikiomba tano nafasi ya kupata angalau moja ni asilimia 41. Kwenye karatasi ni kweli, mradi shule hizo ziwe sarafu tano zisizojuana. Lakini zinapokea insha zilezile, transkripti ileile, na barua za wapendekezaji walewale. Kama barua ya bosi wako ni tupu, ni tupu Harvard kule Boston na ni tupu INSEAD kule Fontainebleau. Kasoro moja inasafiri na faili kote liendako, na ndiyo maana kuna watu wanaokubaliwa shule nne kwa mpigo na wengine wanaokataliwa tano, ingawa kwenye jedwali walikuwa sawa. Kuongeza shule kunasaidia. Hakusaidii kwa kiwango kile.

Na kuna wale wa "hizo ni za watoto wa wakubwa". Siwabezi. Waafrika wengi niliowajua waliofika huko walipitia kwanza shahada ya kwanza ya nje au ofisi za Nairobi na Johannesburg za kampuni kubwa za ushauri kama McKinsey na BCG, na njia hizo hazifunguki kwa kila mtu. Ila Harvard hutoa msaada wa masomo kwa kuangalia uhitaji peke yake, na mwaka 2022 ilitangaza kulipa ada yote kwa wanafunzi wenye uhitaji mkubwa zaidi, kama mmoja katika kila kumi. Stanford kwa miaka mingi imekuwa na ufadhili wa ada kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani angalau miaka miwili. Mfuko wa namna hiyo hauanzishwi kwa ajili ya mtoto wa waziri.

Sasa nije kwenye barua za wapendekezaji, mahali ambapo naamini mafaili ya watu wetu hukatikia mara nyingi kuliko kwenye alama, na ambapo hakuna jedwali linalopatazama. Kila aliyefanya kazi ofisi za huku anaijua kauli hii: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Bosi hana nia mbaya. Ana kazi nyingi, na kwake barua ni muhuri. Shule hizi hazitaki muhuri. Zinamtumia mpendekezaji kiungo kwenye barua pepe yake mwenyewe, na kwenye fomu inayotumiwa na shule nyingi kuna swali linalomtaka aeleze ushauri wa kumrekebisha ulio muhimu kuliko wote aliowahi kumpa mwombaji, katika mazingira gani, na mwombaji aliupokeaje. Swali hilo linawashinda wakubwa wetu, na sababu yake ni ya heshima kabisa. Kwetu kumwandikia mtu barua ni kumsitiri. Unamsindikiza kijana kwa wageni, utaanzaje kuwatajia makosa yake? Kwa hiyo bosi anaandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake, na kwenye swali la kurekebishwa anaweka kwamba hana kasoro, labda tu anajituma kupita kiasi.

Msomaji wa faili huko ameshika mkono wa pili barua ya kijana wa Chicago. Bosi wa huyo anasimulia kwamba mwezi fulani alikosea makadirio ya mradi, akaitwa pembeni, akaambiwa wazi kwamba hasikilizi watu wa kiwandani, na miezi minne baadaye alirudi na makadirio aliyoyatengeneza pamoja nao. Barua ya kwanza inasifu zaidi. Ya pili ndiyo inayoaminika, kwa sababu ina mtu ndani yake. Hizi ni desturi mbili za kusifia zinazokutana mezani bila mkalimani, na gharama yake anailipa mwombaji ambaye hata barua yenyewe haruhusiwi kuiona. Tunaizidisha gharama hiyo kwa kupenda vyeo. Mtu anamwacha msimamizi aliyekaa naye meza moja miaka mitatu anamfuata mkurugenzi mkuu, mbunge au askofu, ambaye hawezi kukumbuka jambo lake moja. Jina kubwa chini ya barua tupu halimsaidii mtu. Linamwambia msomaji kwamba mwombaji hakuelewa swali.

Insha nazo zina shida ya namna hiyo, ila nitapita haraka. Stanford imekuwa ikiuliza kwa miaka mingi ni jambo gani lina uzito kuliko yote kwako, na kwa nini. Vijana wanaipelekea mashine ileile iliyowapa asilimia iwaandikie jibu, na wanapata aya nzuri kuhusu kuibadilisha Afrika kupitia ubunifu. Niliwahi kusoma tatu kwa wiki moja, za watu wasiojuana, na zote zilikuwa na bibi aliyeuza vitumbua. Huenda kweli wote walikuwa na bibi wa vitumbua. Kamati haina namna ya kujua.

Hata hivyo, kudahiliwa ni mlango wa kwanza tu, na mashine huishia hapo. Mlango wa pili ni fedha. Ada ya Harvard imepita dola 76,000 kwa mwaka, na ukijumlisha nyumba, bima na chakula unavuka 110,000, kwa miaka miwili. Ipo mikopo isiyodai mdhamini. Prodigy Finance, iliyoanzishwa na wahitimu wa INSEAD mwaka 2007, hukopesha wanafunzi wa kigeni kwa kutazama mshahara wanaotarajiwa kupata baadaye. Sasa fikiria maana yake. Mshahara unaotarajiwa ni wa London au New York. Kijana anayepanga kurudi Dar es Salaam atalipa deni la dola kwa mshahara wa shilingi, na hesabu hiyo inaweza kumfunga nje ya nchi miaka kumi bila yeye kupenda. Kwa Uingereza watu hukimbilia Chevening, ufadhili wa serikali ya huko, wakisahau kwamba ufadhili huo una kikomo kwa ada ya MBA, na kikomo hicho hakifiki hata nusu ya ada ya MBA ya Oxford. INSEAD huchukua miezi kumi, kwa hiyo mshahara unaoukosa ni wa muda mfupi, ingawa ada yenyewe si ya kuchezea. Mtu mwenye nafasi nzuri ya kukubaliwa na nafasi finyu ya kulipa ana nafasi finyu, basi.

Mlango wa tatu ni viza, na huu umebadilika kuliko yote. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu 214(b), inamchukulia mwombaji wa viza ya masomo kama mhamiaji mpaka athibitishe vingine, na huo ndio mzigo wa siku zote. Juni 2025 tangazo la rais wa Marekani liliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa viza kadhaa, zikiwemo za wanafunzi. (Kongo iliyotajwa kwenye tangazo hilo ni ya Brazzaville, si ya Kinshasa, nimewaona ndugu zetu wa Goma na Lubumbashi wakihangaika bure.) Desemba 2025 likaja tangazo jingine, lililoanza kutumika Januari 1, 2026, na hilo likaiingiza Tanzania. Maana yake ni kwamba Mkenya na Mtanzania wanaofanya kazi ofisi moja Nairobi, wenye alama zilezile na barua za bosi yuleyule, wana nafasi moja ya kukubaliwa Stanford na nafasi mbili tofauti kabisa za kuketi darasani. Hakuna asilimia ya udahili inayoonyesha hilo.

Hapa tena watu wameelewa vibaya, safari hii kwa kukata tamaa. Nimesikia ikisemwa kwamba baada ya tangazo hilo Mtanzania hana sababu ya kuomba MBA ya nje. Lakini tangazo ni la Marekani peke yake, linapaswa kupitiwa upya kila baada ya siku 180, na anayeomba leo hasafiri kesho: maombi ya duru ya kwanza hufungwa Septemba, na darasa huanza karibu mwaka mmoja baadaye. Fontainebleau, London, Oxford, Barcelona na Cape Town hazimo kwenye tangazo la Washington. Kinachobadilika ni uzito wa kila shule kwenye orodha. Tuseme, kwa mfano tu, shule moja ya Marekani inakupa nafasi moja katika kumi ya kukubaliwa, na ukishakubaliwa una nafasi moja katika tano ya kupata fedha na viza kwa pamoja. Hiyo ni mbili katika mia. Shule ya Ulaya yenye jina dogo kidogo ikikupa tatu katika kumi, kisha nusu kwa nusu upande wa fedha na viza, hiyo ni kumi na tano katika mia. Namba hizi nimezitunga, na kila mtu aweke zake kwa unyoofu. Lakini anayezidisha milango yote mitatu atapanga orodha tofauti na aliyetazama mmoja, na atajua pia miezi sita iliyobaki aitumie wapi. Mara nyingi kuipandisha GMAT kwa alama 20 kunasogeza hesabu hiyo kidogo kuliko kumpata mpendekezaji anayekumbuka jambo, au kuulizia mapema msaada wa ada, au kuomba kusamehewa ada ya maombi, ambayo shule kadhaa, Harvard ikiwemo, humwondolea asiye na uwezo.

Kwa walio bado chuoni hesabu ni nyingine kidogo. Harvard ina mpango wa 2+2, unaomruhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuomba kabla hajaajiriwa, akikubaliwa anakwenda kufanya kazi miaka miwili au zaidi ndipo aanze masomo. Ada ya maombi yake ni ndogo kuliko ya kawaida. Kwa mtu ambaye mlango wake wa tatu umefungwa leo, miaka hiyo ya kusubiri iliyoandikwa ndani ya mpango wenyewe si hasara. Nashangaa ni wachache kiasi gani wa vyuo vyetu wanaoujua.

Kijana wa idara ya mikopo amerudisha 3.8 yake mahali pake. Amepunguza shule mbili za Marekani akabakiza moja, ameongeza INSEAD na London. Mkurugenzi aliyekuwa amemtarajia kwa barua amemwacha, akaenda kwa mkuu wake wa kitengo, mama ambaye mwaka juzi alimrudishia faili la mkopo wa kiwanda cha alizeti mara mbili kwa sababu hakwenda kukiona kiwanda chenyewe. Alimpelekea karatasi moja yenye matukio matatu ya kumkumbushia, na la alizeti likiwa la kwanza. Mama akaisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, hili la kurudishiwa faili nalo niwaandikie Wazungu?"

"Hilo hasa, mama. Na lile la kwenda Singida kwa basi, kama unalikumbuka."

"Nalikumbuka. Ulirudi na homa."